Ukoo na barua za mapendekezo katika usajili wa sororiti: barua ya wazi kwa National Panhellenic Conference

Kwa viongozi wa National Panhellenic Conference (hapa chini: Baraza), kwa vyama 26 vilivyo chini yake, na kwa wanachama wahitimu wanaoyashauri matawi ya vyuoni.

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, msichana anayetaka kujiunga na sororiti, yaani chama cha udugu cha wanafunzi wa kike, amekuwa akipimwa kwa mambo mawili ambayo hayakutoka kwake. La kwanza ni ukoo: kama mama, dada au bibi yake aliwahi kuwa mwanachama wa chama hichohicho. La pili ni barua ya mapendekezo iliyoandikwa na mwanachama aliyekwisha kuhitimu. Mawili haya huzungumzwa kana kwamba ni desturi mbili tofauti. Tangu mwaka 2020 vyama kadhaa vimelegeza au kufuta upendeleo wa ukoo, huku barua, katika baadhi ya vyama, ikibaki palepale au ikibadilishwa jina tu. Hoja inayowekwa mbele ya Baraza ni kwamba desturi hizi zina mzizi mmoja, na kwamba kung'oa moja na kuiacha nyingine hakubadilishi sana orodha ya wanaoingia.

Sororiti za mwanzo zilizaliwa wakati wanawake walikuwa bado wageni vyuoni. Pi Beta Phi ilianza mwaka 1867 katika Monmouth College, Illinois. Kappa Alpha Theta ilianzishwa Januari 1870 na wasichana wanne katika chuo cha Indiana Asbury, ambacho leo ni DePauw University, miaka mitatu tu baada ya chuo hicho kuanza kupokea wanawake. Vyama vya wanaume vilikuwapo tayari na milango yake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wanawake wakajijengea vyao. Kufikia mwisho wa karne ya 19 vyama vilikuwa vingi kiasi cha kugombaniana wanachama wapya bila staha, na hilo ndilo lililoleta mkutano wa Chicago wa Mei 1902, ambapo vyama saba vilikaa pamoja kuweka kanuni. Baraza linaloandikiwa leo lilitokana na mkutano huo. Lilizaliwa, kwa maneno mengine, ili kusimamia haki katika usajili, na kwa sababu hiyo suala hili ni lake hasa, hata kama kila chama kina mamlaka ya kuamua nani awe mwanachama wake.

Barua ya mapendekezo ilikuwa na maana ya kweli katika mazingira yale. Msichana alishuka kwenye treni akitoka mji ambao hakuna mtu tawini aliyewahi kuuona. Tawi lilikuwa na siku chache za kumjua, na simu ya masafa ilikuwa ghali. Mwanachama mhitimu aliyeishi mji uleule aliweza kuandika kwamba familia ni ya watu wa heshima, kwamba binti alisoma vizuri, kwamba anaimba kanisani. Habari hizo zilikuwa na uzito kwa sababu hazikuwa na njia nyingine ya kupatikana. Ukoo nao ulifanya kazi ileile kwa njia ya mkato: mama akijulikana, binti hahitaji kuelezwa.

Lakini habari za namna hii huenda tu mahali ambapo wanachama wanaishi, wanasali na wanaalikana chakula. Mji uliogawanywa kwa rangi na dini hutoa barua zilizogawanywa kwa rangi na dini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ubaguzi haukufichwa, na vyama kadhaa vilikuwa na vifungu vilivyowatenga Weusi, Wayahudi au wote wawili. Swarthmore College, Pennsylvania, ilifuta sororiti mwaka 1933 baada ya kampeni ya wanafunzi iliyochochewa na kukataliwa kwa msichana Myahudi. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele, Molly Yard, baadaye aliongoza shirika la taifa la kutetea wanawake, NOW. Mwaka 1956 matawi ya Sigma Kappa katika Cornell na Tufts yalipoteza hati zao baada ya kuwapokea wasichana Weusi. Wanafunzi walikuwa tayari kuwapokea. Waliozuia walikuwa wakubwa wao.

Shinikizo la vyuo na la sheria lilipoviondoa vifungu hivyo vilivyoandikwa, barua ilibaki. Haikutaja rangi ya mtu wala dini yake. Ilitaka tu kila msichana awe na mwanachama mhitimu wa kumsemea, na katika miji ambako wanachama wahitimu wote walikuwa Weupe na marafiki zao wote Weupe, matokeo yalifanana na yale ya kifungu kilichofutwa. Ukoo ulikwenda mbali zaidi, kwa kuwa hakuna msichana anayeweza kuwa na bibi aliyekuwa mwanachama wa chama kilichomkataa bibi huyo. Vyama havikuhitaji kuwa na nia mbaya tena. Ilitosha kuendelea na mazoea.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa kimemo ni nini, wala kwa nini mwenye kimemo huitwa kwanza wakati waliofuata foleni bado wamesimama. Tofauti ni kwamba kimemo hupitishwa chini ya meza, ilhali barua ya sororiti ilikuwa na fomu yake rasmi, anwani yake na tarehe yake ya mwisho.

Jambo lililoweka wazi kuliko yote kazi ya barua hizi lilitokea University of Alabama mwaka 2013. Chuo hicho kina moja ya jumuiya kubwa kabisa za vyama vya udugu nchini Marekani, na wasichana wanaojitokeza kwenye usajili wa Agosti ni zaidi ya 2,000. Kufikia mwaka huo, nusu karne baada ya wanafunzi Weusi Vivian Malone na James Hood kupita mlangoni ambako Gavana George Wallace alisimama kuwazuia Juni 1963, matawi ya Panhellenic chuoni hapo yalikuwa bado karibu yote ya wasichana Weupe. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi, The Crimson White, lilichapisha habari ya msichana Mweusi mwenye alama za juu sana aliyejitokeza kwa usajili na kukosa mwaliko kila mahali. Wanafunzi wa matawi walisema kwamba wenzao wengi walimtaka. Katika tawi mojawapo, kwa mujibu wa gazeti, mshauri ambaye ni mwanachama mhitimu aliwaambia kwamba binti hakutimiza masharti ya barua za mapendekezo, na hivyo jina lake lisingeweza kuendelea.

Sababu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna aliyesema kwamba msichana hakufaa. Kasoro ilikuwa ya makaratasi, na ya makaratasi ambayo kwa kawaida huandikwa na watu wa tabaka lilelile ambalo mshauri alitoka. Kanuni iliyoonekana ya kiofisi ilimpa mtu mmoja asiye mwanafunzi uwezo wa kuifuta kauli ya tawi zima, tena bila kulazimika kueleza alichokusudia. Wanafunzi na walimu waliandamana. Rais wa chuo, Judy Bonner, aliagiza usajili uendelee kwa njia ya mialiko ya wazi, na katika siku zilizofuata alitangaza kwamba wasichana Weusi 11 walikuwa wamepewa mialiko na wanne wameikubali. Jambo lililosemwa kwa miaka kuwa haliwezekani lilitekelezwa ndani ya wiki mbili, mara tu kanuni iliyolizuia ilipowekwa kando.

Upande wa ukoo nao una hesabu yake, na hesabu hiyo haifahamiki vya kutosha hata kwa akina mama wanaolalamika. Usajili mkubwa hupita katika duru kadhaa. Duru ya kwanza msichana hutembelea matawi yote, halafu kila duru hupunguza pande zote mbili, hadi duru ya mwisho ambapo hubaki na matawi mawili tu au moja. Kisha yeye huandika mpangilio wake, tawi huandika orodha yake, na majina hulinganishwa. Tangu miaka ya mwanzoni ya 2000 Baraza limetumia utaratibu wa kukokotoa ni wasichana wangapi kila tawi liwaalike katika duru inayofuata. Tawi lenye mvuto, ambalo karibu kila anayealikwa hurudi, hulazimika kuacha wasichana wengi mapema, mara nyingi baada ya duru ya kwanza tu. Lengo ni jema: msichana asiendelee kushikilia tumaini ambalo halipo huku matawi mengine yakikosa watu.

Kanuni za zamani za ukoo ziliandikwa kabla ya utaratibu huo. Vyama vingi vilitaka binti wa mwanachama, au mdogo wake, au mjukuu wake, aalikwe walau hadi duru ya pili, na akifika duru ya mwisho awekwe juu ya orodha. Kwingine tawi lilitakiwa kumjulisha jamaa yake mwanachama kabla ya kumwacha. Tuseme, kwa mfano tu, tawi lina nafasi 100, na duru ya mwisho inahudhuriwa na wasichana 150. Kama 60 kati yao wana ukoo na wote wanalitaka tawi hilo, basi 60 hao wameingia kabla mkutano wa kupiga kura haujaanza. Waliobaki 90 wanagombea nafasi 40. Kwa kundi la kwanza hakuna ushindani wowote. Katika kundi la pili, zaidi ya nusu watarudi mikono mitupu. Katika matawi makongwe ya Kusini, ambako vizazi vitatu vya familia moja vimesoma chuo kilekile, hali ilizidi hapo: mabinti wa ukoo waliojitokeza wangeweza kulijaza tawi peke yao.

Ndipo ahadi ilipoanza kuvunjika yenyewe. Tawi lililotakiwa kuwaacha mamia baada ya duru ya kwanza halikuweza kumbakiza kila binti wa ukoo bila kumwacha kila mgeni. Matawi yakaanza kuwaacha mabinti wa ukoo, simu zikapigwa, na akina mama waliokuwa wamechanga fedha za nyumba za matawi kwa miaka wakakata uhusiano na vyama vyao kwa hasira. Kuna jambo jingine wasiloambiwa wazazi: jina la ukoo humponza binti kwingine. Matawi mengine, yakiona kwamba mama yake alikuwa wa chama fulani, hudhani atakwenda huko na kumwacha mapema ili yasipoteze nafasi. Chama cha mama kikimkosa, amekosa huku na kule.

Kufutwa kwa upendeleo wa ukoo baada ya 2020 kulisukumwa na mambo mawili kwa pamoja. Moja lilikuwa hesabu hiyo. Jingine lilikuwa maandamano ya mwaka huo baada ya kuuawa kwa George Floyd, na vuguvugu la wanafunzi katika vyuo kama Vanderbilt na Duke waliotaka vyama vya udugu vivunjwe kabisa, wengine wakijiuzulu uanachama hadharani. Makao makuu ya vyama yalijibu kwa kile kilichokuwa rahisi kubadilisha. Wajibu wa kumwalika binti wa ukoo ukaondolewa. Hata hivyo swali lenyewe, nani katika familia aliwahi kuwa mwanachama na wa chama gani, bado huulizwa katika fomu nyingi za kujiandikisha, na jibu lake huwafikia wanaopiga kura. Tawi halilazimishwi tena kumpendelea binti huyo. Halizuiwi pia.

Kwa barua za mapendekezo mabadiliko yamekuwa ya kusitasita zaidi. Katika vyama vingi, kanuni ilisema kwamba kutafuta barua ni kazi ya tawi, si ya msichana. Kwenye karatasi huo ulikuwa uungwana. Katika miji ya Kusini, hata hivyo, desturi ilikwenda kinyume: mama alianza kutafuta waandishi mwaka mzima kabla, barua moja kwa kila tawi chuoni, pengine mbili, kila moja ikiambatana na picha na wasifu ndani ya bahasha nadhifu. Familia iliyoijua desturi iliifuata kimyakimya. Familia isiyoijua ilisoma kwenye tovuti kwamba barua si lazima, ikaamini.

Hapa ndipo suala linapowagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wapo Wakenya na Watanzania waliotulia Dallas, Atlanta na Minneapolis, na Wakongo waliopewa hifadhi Texas, Kentucky na Iowa, ambao mabinti zao sasa wanaingia vyuo vikuu vya majimbo hayo. Mama aliyesoma Mlimani au Makerere anaweza kuwa na shahada mbili na cheo hospitalini, na bado hana mtu hata mmoja wa kumwandikia binti yake kwa sororiti yoyote kati ya 26. Binti huyo hana kasoro. Mama yake alisoma bara jingine.

Vyama vinne vya kike vya Wamarekani Weusi, vilivyo chini ya National Pan-Hellenic Council iliyoundwa Howard University mwaka 1930, vina utaratibu mwingine kabisa, na barua hii haivihusu. Alpha Kappa Alpha ilianza Howard mwaka 1908, Delta Sigma Theta mwaka 1913 na Zeta Phi Beta mwaka 1920 hapohapo, kisha Sigma Gamma Rho mwaka 1922 huko Indianapolis. Navyo vinathamini familia na mapendekezo ya wanachama. Lakini vilijengwa na watu waliofungiwa milango mingine, hupokea pia wanawake waliokwisha kuhitimu, na havina wiki ya usajili ambapo maelfu hupangwa na kompyuta. Kuviweka katika kapu moja na vyama vya Panhellenic ni kupotosha mjadala.

Upinzani dhidi ya mabadiliko una hoja tatu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni ya sheria: sororiti ni vyama vya hiari vyenye uhuru wa kuchagua, na tangu mwaka 1974 Bunge la Marekani limeviruhusu kubaki vya jinsia moja licha ya sheria ya Title IX dhidi ya ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Uhuru huo hakuna anayeupinga hapa. Unaruhusu kuchagua, haulazimishi kuchagua kwa ukoo. Ya pili ni fedha: nyumba za matawi, ambazo katika vyuo kama Alabama zimejengwa kwa mamilioni ya dola, hutegemea sana wahitimu, na mama ambaye binti yake ameachwa hufunga mkoba. Hofu hiyo ni ya kweli kwa mweka hazina, ingawa ni ajabu kuitetea hadharani, kwa kuwa maana yake ni kwamba nafasi zina bei. Hata vyuo vyenyewe vimeanza kuiona hivyo. Amherst iliacha kuwapendelea watoto wa wahitimu mwaka 2021, Wesleyan mwaka 2023. Colorado ilipiga marufuku upendeleo huo katika vyuo vya umma mwaka 2021, na California ikaongeza vyuo binafsi kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2024. Sheria hizo hazivigusi vyama vya wanafunzi, lakini binti aliyeingia chuoni bila msaada wa ukoo hukuta ukoo ukimsubiri nyumba ya pili.

Hoja ya tatu ni ya mapenzi, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Mama anayemvalisha binti yake beji aliyoivaa yeye miaka 30 iliyopita hafanyi ubaguzi. Anafanya kile ambacho familia zimefanya siku zote. Bibi, mama na mjukuu wakipiga picha mbele ya nyumba moja, picha hiyo ni ya haki yao. Kosa ni mahali ambapo mapenzi hayo yamewekwa. Yamewekwa kabla ya uchaguzi, ambako yanamwondolea mtu mwingine nafasi, badala ya baada yake, ambako hayamgharimu mtu chochote.

Kwa hiyo Baraza linaombwa kwanza kuondoa swali la ukoo katika fomu ya kujiandikisha, na kuruhusu lijibiwe tu baada ya msichana kupewa mwaliko na kuukubali. Baada ya hapo makao makuu yaandike barua kwa mama, yaandae sherehe, yampe binti beji ya bibi yake. Watakaosema kwamba matawi yatajua tu kwa jina la ukoo au kwa mitandao wana haki kiasi. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya jambo linalojulikana kwa uvumi na jambo lililochapwa kwenye orodha mbele ya kila mpiga kura.

Kuhusu barua za mapendekezo, kuzifanya za hiari hakutoshi, kwa sababu za hiari ndizo zilizowanufaisha waliojua zaidi. Leo tawi lina alama za msichana, wasifu wake, mara nyingi na video aliyojirekodi. Kazi ya habari iliyofanywa na barua mwaka 1902 imekwisha kufanywa na mengine. Vyama vinavyoona ushuhuda wa mtu mwingine una maana viukubali kutoka kwa mwalimu, mkuu wa kazi au kiongozi wa dini, kwa fomu moja, barua moja kwa msichana, isomwe na matawi yote kwa pamoja.

Washauri wahitimu wabaki kuwa washauri. Mwaka 2013 ulionyesha kinachotokea mshauri anapokuwa na kura ya turufu, na kanuni za vyama zinapaswa kuandika wazi kwamba hakuna jina linaloondolewa orodhani kwa kauli ya mtu asiye mwanachama wa tawi anayesoma chuoni, isipokuwa kwa sababu ya alama au nidhamu iliyowekwa kwa maandishi kabla ya usajili.

Mwisho ni takwimu. Kila ofisi ya Panhellenic chuoni inajua ni wasichana wangapi walijiandikisha, wangapi waliachwa au kujitoa katika kila duru, na wangapi walipata mahali. Makao makuu yanajua wangapi kati ya waliopokelewa wana mama au dada chamani. Namba hizo zikichapishwa kila mwaka, chuo kwa chuo, mjadala utaacha kutegemea visa vya mtu mmoja mmoja na video za usajili wa Agosti. Katika vyuo vikubwa vya Kusini wasichana hujiandikisha miezi kadhaa kabla masomo hayajaanza. Mabadiliko ya fomu yatakayopitishwa baada ya hapo yatawahusu wasichana wa mwaka unaofuata tu.